Wekundu Nyuma ya Rimu

Kalipa ya breki iliyopakwa rangi nyekundu haisimamishi gari hata sentimita moja mapema kuliko ile iliyoota kutu. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu ukienda Gerezani, Dar es Salaam, kununua rangi yenyewe huenda ukaambiwa kwamba inapoza breki, au inaongeza nguvu, au ndiyo siri ya magari ya mashindano. Haipozi wala haiongezi. Ni urembo, na anayelipamba gari lake hana haja ya kumwomba mtu radhi. Ila urembo huu una tabia ambayo stika za vioo na taa za rangi hazina: haufanyiki vizuri mpaka ufungue gurudumu, usugue, uoshe, na ukae uso kwa uso na kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, ambacho wenye magari wengi hawajakitazama tangu gari lishuke melini. Ndiyo maana sura hii ina rangi kidogo na kusugua kwingi.

Breki ya diski ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Frederick Lanchester, mhandisi wa Birmingham, alipewa hataza yake mwaka 1902. Pedi zake zilikuwa za shaba, na zilipiga kelele za kukera. Magari yakaendelea na dramu kwa nusu karne. Mwaka 1953 Jaguar C-Type ya Tony Rolt na Duncan Hamilton ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans ikiwa na diski za Dunlop, na mwaka 1955 Citroën DS ikaziweka diski mbele kwenye gari la kuuzwa kwa wingi. Hata hapo hakuna aliyewaza kupaka rangi. Ungepaka nini, na nani angeona? Rimu zilikuwa sahani za chuma zilizofunikwa na vikombe. Kalipa ilianza kupambwa siku rimu za alumini zilipokuwa kubwa na zenye nafasi, jicho likapata pa kupenya.

Waliofungua njia ni watu wa mashindano. Brembo, kampuni ya Italia iliyoanza karibu na Bergamo mwaka 1961, iliingia Formula 1 mwaka 1975 ikiwa na Ferrari, na kidogo kidogo kalipa nene zenye pistoni nne zikahamia kwenye magari ya barabarani. Porsche ndiyo iliyoifanya rangi kuwa lugha kamili. Kwao nyekundu ni ya magari yenye nguvu zaidi, njano ni ya diski za seramiki, kijani kikali ni ya magari yanayochanganya petroli na umeme, na mwaka 2017 Cayenne mpya ikaja na kalipa nyeupe, alama ya diski zilizopakwa kabidi ya tangsteni. Hata weupe huo ni majigambo yenye maana: diski hizo hutoa vumbi kidogo, kwa hiyo kalipa yake inathubutu kuwa nyeupe.

Kwetu Afrika Mashariki, hata hivyo, rangi hizi hazikuletwa na Porsche. Zililetwa na matope. Katika miaka sita ya 1996 hadi 2001, Safari Rally ya Kenya ilichukuliwa mara tano na Mitsubishi au Subaru, wakati wa akina Tommi Mäkinen, Colin McRae na Richard Burns. Ni 1999 tu ndipo McRae alipoipeleka kwa Ford. Watoto waliosimama kando ya barabara za vumbi wakashuhudia Impreza ya bluu yenye rimu za dhahabu ikipita, walikua na kutafuta kazi, na sasa wanaagiza magari kutoka Japani. Lancer Evolution V ya mwaka 1998 ilikuja na kalipa nyekundu za Brembo kutoka kiwandani. WRX STI za Subaru nazo zikaja na za dhahabu. Ukimkuta leo kijana wa Nairobi au Dar anapaka dhahabu kalipa za Forester ya kubebea watoto shule, ujue chanzo chake ni huko.

Tofauti ni kwamba njano ya Porsche inataja aina ya diski, lakini njano ya Toyota Crown yako inataja tu kwamba unapenda njano. Hilo halina ubaya wowote. Ubaya unaanza pale rangi inapotumika kusema uongo, na nitalirudia hilo nikifika kwenye maandishi.

Kabla ya kuchagua kopo, elewa rangi hiyo inakwenda kuishi wapi. Gari la kilo 1,500 linalokimbia kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya karibu kilojuli 580. Ukikanyaga breki likasimama, nishati yote hiyo inageuka joto, na sehemu kubwa inaangukia diski za mbele. Ni joto la kutosha kuchemsha karibu lita mbili za maji, kwa kusimama mara moja tu. Kwenye foleni ya mjini kalipa yenyewe haipati taabu; diski inaungua zaidi yake, na upepo unaondoa kiasi. Lakini shuka mlima Kitonga kutoka Iringa huku umeegemea pedali badala ya kuweka gia ndogo, uone. Diski zinaweza kupita nyuzi 300, harufu inaingia ndani ya gari, na kalipa iliyo sentimita chache kutoka hapo inaoka. Rangi ya mafuta ya kupakia mageti, ambayo wengi huichukua kwa kuwa ni rahisi na nyekundu yake inavutia, hulainika, hugeuka kahawia, kisha hupasuka vipande.

Kwa hiyo kuna aina mbili zinazofaa. Ya kwanza ni ya kupuliza kutoka kwenye kopo, iliyotengenezwa kwa ajili ya kalipa. Ile ya VHT, kwa mfano, imeandikwa kwamba inahimili hadi nyuzi 482 za Selsiasi. Ya pili ni ya vikopo viwili, rangi na kigumishi, ambayo unaichanganya na kuipaka kwa brashi kabla haijaganda. Mimi ni mtu wa brashi. Rangi ya kuchanganya hukauka ikawa ngumu, na hainilazimu kufunika nusu ya gari kwa magazeti. Usichukue rangi ya ekzosi kwa kudhani kwamba kila kinachohimili moto kinafaa. Nyingi za aina hiyo hubaki laini mpaka ziokwe kwa moto mkali, moto ambao kalipa ya mjini haitaupata, na mafuta ya breki huziondoa kama hazikuwahi kuwepo.

Mafuta ya breki yenyewe yastahili onyo lake. DOT 3 na DOT 4, ambazo ndizo zimo kwenye karibu kila gari utakaloligusa, ni adui wa rangi. Tone likianguka kwenye fenda, limwagie maji mengi papo hapo. Kulifuta kwa kitambaa kikavu ni kulitandaza. Kama gari lako linavuja mafuta ya breki mahali popote, weka kopo la rangi kabatini na uanzie kwenye uvujaji.

Sasa gari lenyewe. Toyota IST nyingi zina diski mbele na dramu nyuma, kwa hiyo mwenye IST ana kalipa mbili tu za kupaka. Dramu za nyuma zisugue uzipake nyeusi au fedha, basi. Dramu nyekundu nyuma ya rimu ya inchi 15 inaonekana kama sufuria iliyopotea. Crown ina diski pande zote nne, ambayo ni kazi mara mbili. Na kama gari lako liliishi Hokkaido au mikoa mingine ya kaskazini mwa Japani, jiandae kwa kutu. Huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, chumvi hiyo hukaa chini ya gari kwa miaka, na meli hailiondolei gari historia yake. Likifika Tanga au Mombasa linaongezewa upepo wa bahari. Nimeona kalipa za gari lililotangazwa kuwa safi kabisa zikiwa na kutu la magamba, la kubanduka kwa ukucha.

Kutu la juu juu si ugonjwa. Kalipa ya kawaida yenye pistoni moja ni chuma cha kusubu, kinene, na inaweza kuota wekundu kwa miaka bila kupungukiwa kazi. Ugonjwa uko kwenye sehemu ndogo zinazotembea: pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake, pistoni na raba yake ya kuzuia vumbi, na masikio ya pedi yanayoteleza ndani ya kishikizi. Hapo ndipo jicho lako liende kwanza, kabla hata hujafungua rangi.

Chagua sakafu ngumu na tambarare. Legeza nati za gurudumu kidogo gari likiwa bado chini, weka vizuizi kwenye magurudumu yanayobaki ardhini, nyanyua kwa jeki, kisha liweke gari juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Anayeingiza mkono chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, au na matofali ya saruji, ambayo hupasuka bila kutoa ilani, anacheza na roho yake kwa ajili ya rangi. Fanya upande mmoja kwanza ukamilike, ili ule mwingine ukuonyeshe kila kitu kilikaaje.

Gurudumu likitoka utakutana na vumbi jeusi. Hapa naomba uvunje desturi ya gereji zetu. Fundi akifungua breki, jambo la kwanza ni kuchukua mpira wa kompresa na kupuliza, na wingu zima linaingia puani mwake na mwa kijana anayejifunza kazi. Vumbi la pedi si la kuvuta. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, na katika zile za bei ya chini zisizo na jina la kueleweka huwezi kujua kwa macho zimewekwa nini. Vaa barakoa na glovu, lowesha vumbi kwa maji yenye sabuni au kwa dawa ya kusafishia breki, na liache lidondoke kwenye beseni likiwa tope. Kama dawa yako ni ya aina yenye klorini, usichomelee wala kuwasha moto karibu na chuma kilicholoweshwa nayo. Mvuke wake ukipata moto hutoa fosjini, gesi iliyotumiwa kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Desturi ya pili ya kuachana nayo ni kuosha kalipa kwa petroli au dizeli. Chuma hakidhuriki. Raba ndiyo inayodhurika. Raba za mfumo wa breki zimeundwa kuishi na mafuta ya breki, na zikikutana na petroli, dizeli au grisi ya kawaida huvimba na kulegea. Ndivyo inavyotokea kwamba gari linaingia gereji likiwa na breki nzima, linafanyiwa huduma, na miezi michache baadaye pini zinang'ang'ania. Grisi ya beringi iliyojazwa kwenye pini za kalipa ni kosa utakaloliona mara nyingi kuliko kutu lenyewe. Grisi ya pini ni ya silikoni, au iliyoandikwa waziwazi kwamba ni ya breki.

Unaweza kupaka kalipa ikiwa imefungwa mahali pake, au ukaifungua kutoka kwenye kishikizi na kuiacha ining'inie. Kuifungua kunakupa nafasi ya kufika nyuma na kukagua pini. Lakini isining'inie kwenye mpira wake wa breki. Ifunge kwa waya kwenye springi. Usiufungue mpira wenyewe, maana ukiufungua umeingiza upepo kwenye mfumo, na kazi ya rangi imegeuka kazi nyingine kabisa. Na mwambie kila mtu wa nyumbani asikanyage pedali wakati kalipa iko nje. Pistoni itatoka, mafuta yatamwagika, na Jumamosi yako imekwisha. Magari mapya yenye breki ya mkono ya umeme yana mota kwenye kalipa za nyuma. Hizo zipake zikiwa mahali pake au umpelekee fundi mwenye kompyuta.

Vuta kila pini kwa mkono. Inayotoka kwa ulaini, yenye grisi safi, ni nzima. Inayogoma, au iliyokauka na kuwa na rangi ya kahawa, isafishe, uikague kama ina mikwaruzo, uipake grisi mpya na uirudishe. Tazama raba ya pistoni: ikiwa imechanika, maji na mchanga vimeshaingia, na kalipa hiyo inahitaji seti mpya ya raba kabla ya rangi. Pima unene wa pedi kwa macho, ya ndani na ya nje. Zikiwa zimelika kwa tofauti kubwa, moja nyembamba na nyingine nene, kalipa haitelezi. Umeshapata faida ya siku hata kama rangi haijafunguliwa.

Baada ya hapo ni msuli. Brashi ya waya kwa kalipa ya chuma, kisha msasa kwenye pembe na mapindo, mpaka magamba yote yatoke na chuma kilichobaki kiwe kigumu na cha kijivu. Si lazima king'ae. Kalipa za alumini, kama zile za pistoni nne za Subaru, zisisuguliwe kwa waya wa chuma. Tumia brashi ya nailoni na msasa laini. Watu wengi huipa hatua hii dakika kumi kwa sababu wanaiona rangi ikiwangoja. Mimi naipa muda mrefu kuliko kupaka na kukauka kwa pamoja, na bado kuna kona ya nyuma ya mpira wa breki ambayo hainiridhishi. Ukimaliza, osha tena kwa dawa ya breki, iache ikauke, na kuanzia hapo usiiguse kwa mkono mtupu. Mafuta ya kidole yanatosha kuizuia rangi isishike.

Kuhusu praima: fuata kopo lako. Rangi nyingi za vikopo viwili hukaa moja kwa moja juu ya chuma safi. Ukitumia praima iwe ya kampuni hiyohiyo na ya joto hilohilo, kwa maana praima ya bodi chini ya rangi ya moto huachia yenyewe kwanza, na rangi nzuri iliyo juu inabanduka nayo.

Kisha funika kwa tepu ya karatasi yale ambayo rangi haitakiwi kuyagusa. Nipo ya kutolea upepo ni ya kwanza. Rangi ikiziba tundu lake au ikaigandisha, siku ya kubadilisha mafuta utaikata. Funika raba zote, mpira wa breki na boliti yake, waya wa sensa ya ABS, pini, na diski. Funika pia uso wa habu pale rimu inapokaa. Hili la mwisho hupuuzwa, na ni la hatari. Rangi iliyobanwa kati ya rimu na habu husagika kidogo kidogo gari likitembea, nafasi inapatikana, nati zinalegea. Vivyo hivyo njia ambamo masikio ya pedi huteleza: tabaka la rangi hapo, hata jembamba, linazuia pedi kurudi nyuma. Inabaki ikigusa diski siku nzima, inakula petroli, inaoka rangi yako, na mwenye gari analaumu pedi.

Kupaka kwenyewe ni kufupi. Matabaka mawili au matatu membamba, ukingojea muda ulioandikwa kwenye kopo kati ya moja na jingine. Tabaka nene hutiririka, hujikusanya chini kama machozi, na likipata joto hupasuka. Kwa anayepuliza, Dar na pwani nzima ina tatizo la unyevu: rangi ikikauka hewa ikiwa imejaa maji hupauka na kupoteza mng'ao. Masika si wakati wake, na alfajiri yenye umande pia si wakati wake. Subiri kuanzia saa nne asubuhi jua likishakausha hewa, na paka kivulini, si juani, kwani chuma cha moto hukausha rangi kabla haijajinyoosha.

Rangi gani? Nyekundu inasamehe, kwa sababu inafanana kidogo na kutu na vumbi haliifedheheshi haraka. Njano na nyeupe zitakuonyesha kila safari uliyokwenda. Fedha na kijivu ndizo ninazozipendelea kwa gari la kazi. Mtu haoni kwamba umepaka, anaona tu kwamba gari limetunzwa. Bluu hupendeza kwenye gari jeupe. Dhahabu iache kwa wenye Subaru, wanaidai kwa historia.

Sasa maandishi. Wengi hawaridhiki na rangi tupu, wanataka neno. Duka la stika litakukatia herufi za plastiki inayohimili joto, unazibandika juu ya rangi iliyokauka kabisa, kisha unapaka laka ya uwazi ya joto juu yake. Njia safi zaidi ni kukata kiolezo, kukibandika, na kuzipuliza herufi zenyewe kwa rangi ya pili, kwa sababu rangi haina ukingo wa kunyanyuka. Tatizo ni kwamba neno linalobandikwa karibu kila mara ni Brembo, juu ya kalipa ya pistoni moja ya Corolla. Anayejua magari anaona mara moja, na asiyejua halimwambii kitu. Kibaya zaidi ni vifuniko vya plastiki vyenye umbo la kalipa kubwa na jina hilohilo, vya kubandikwa kwa gundi au kufungwa kwa waya juu ya kalipa halisi. Hivyo vinaziba upepo, na kimoja kikiachia gari likiwa mwendoni kinagonga ndani ya rimu. Sitaeleza namna ya kuvifunga.

Nashangaa zaidi kwamba watu walewale walioijaza daladala maneno, mbele, nyuma na juu ya mlango, wakifika kwenye kalipa wanaazima jina la kiwanda cha Bergamo. Nafasi ni ndogo, ndiyo, herufi tano au sita. Lakini jina la binti yako linatosha hapo. "Polepole" linatosha pia ukibana herufi, na kwenye breki lina mantiki kuliko mahali pengine popote kwenye gari.

Rudisha vitu ulivyovitoa. Boliti za kalipa na za kishikizi zina kiwango chao cha kukazwa, kitafute kwenye kitabu cha gari lako, na usikaze kwa mkono wa kubahatisha. Nati za magurudumu kwa Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa Nm 103, kwa mpangilio wa msalaba, na hukazwa tena baada ya kilomita kama hamsini. Kisha, kabla ya kuwasha gari, keti kwenye kiti na ukanyage pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ulipokuwa ukizisogeza kalipa huenda pistoni zilirudi ndani. Mkanyago wa kwanza na wa pili unaweza kuzama mpaka sakafuni bila kushika chochote, na hilo lisikukute ukirudi nyuma kuelekea ukuta wa jirani. Tembeza gari uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, simama, tembeza, simama. Kama rangi ilidondokea diski, futa kwa dawa ya breki kabla ya hapo.

Ipe rangi siku nzima angalau, zaidi kama kopo linadai zaidi, kabla ya mvua, maji ya kuoshea gari au mteremko mrefu. Sabuni za kuoshea rimu zenye tindikali, zile zinazofua vumbi jeusi kwa dakika mbili, zitaifubaza. Maji na sabuni ya kawaida vinatosha.

Kuna faida moja ya kalipa yenye rangi angavu ambayo hakuna muuza rangi aliyewahi kunitajia. Kwa kuwa mafuta ya breki hula rangi, mahali panapovuja pataanza kujionyesha: rangi hufura, hukunjamana au hubanduka pembeni mwa nipo, kwenye boliti ya mpira, au chini ya raba ya pistoni, wakati ambapo kwenye kalipa ya kutu pangekuwa na doa jeusi lisilosema kitu. Ukiinama kuosha rimu, angaza tochi kati ya mikono yake. Na ukienda kununua gari la mkononi, ukakuta kalipa zimepakwa upya wiki hiyohiyo gari lilipotangazwa, omba gurudumu lifunguliwe. Tazama kama alama za brashi zimepita juu ya raba, kama tundu la nipo limezibwa, kama magamba ya kutu yamefunikwa bila kusuguliwa. Muuzaji aliyepaka namna hiyo hakuwahi kuvuta pini hata moja, na bei ya seti ya raba, pini na pedi ipunguze kwenye bei anayotaja.